Kufuga Maji Kwanza

Naikumbuka vizuri Jumamosi ile ya msimu wa pamba, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyoitwa profesa kwa mara ya kwanza, na aliyeniita hivyo alikuwa ameinamia mizoga kumi na miwili.

"Profesa," alisema Shija, mwenye hoteli, pua yake ikikaribia kugusa tangi la kioo pale mapokezi. "Samaki wako wamelala chali. Huko baharini ndivyo wanavyolala?"

Samaki kumi na wawili wa baharini, wa rangi ya chungwa, wa buluu na wa manjano, waliosafiri kwa treni siku mbili kutoka Dar es Salaam hadi Malampaka, kisha kwa lori la pamba hadi Bariadi, walikuwa wakielea kama maganda ya karanga. Walifika Jumanne. Jumatano nikawaona wakihema juu juu, midomo imegusa uso wa maji. Alhamisi wakakataa chakula. Jumamosi asubuhi hakubaki wa kukataa chochote. Na kesho yake, Jumapili baada ya ibada, mama yangu angekuja kuwaona.

Ninyi vijana mmeanza kuniamkia shikamoo, jambo linalonishtua kila mara, maana ndani yangu bado namsikia yule kijana wa mizani ya pamba niliyekuwa. Lakini mkishanipa shikamoo, mvumilie na nasaha. Vitu hivyo viwili haviuzwi kimoja kimoja. Leo mnanunua tangi la samaki dukani mjini na kulijaza siku hiyo hiyo, kisha mnanipigia simu kuniuliza kwa nini samaki wamekufa. Nitawajibu, ila jibu langu lina mama ndani yake, kwa hiyo litachukua muda.

Mayu, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma, alizaliwa upande wa Mwanhuzi, nchi kavu, ambako wakati wa kiangazi maji huchimbwa kwenye mchanga wa mto kama viazi. Aliolewa kijiji cha karibu na Bariadi akaona amefika nchi ya neema. Bahari hakuwahi kuiona. Nilipokuwa chuo kikuu nikisomea elimu ya wanyama, tulipelekwa ufukweni maji yalipokupwa, tukatazama matumbawe kwa ndoo yenye kitako cha kioo. Nilimwandikia barua ndefu juu ya niliyoyaona. Dada yangu Kabula ndiye aliyekuwa akimsomea, na jibu likaja kwa mwandiko wa Kabula: "Mayu anauliza kama ni kweli wapo samaki wenye rangi za khanga, au chuo kimekufundisha kutunga."

Nilipohitimu, serikali ilikuwa imepunguza kuajiri. Ndizo zilikuwa siku za ruksa: wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wakimiminika, kila mwenye lori alikuwa na kampuni, na kila mwenye kampuni alikuwa akijenga hoteli. Nikarudi nyumbani na shahada yangu, nikaajiriwa na Shija kupima pamba kwenye mizani. Nilikuwa mtaalamu wa viumbe vya baharini, nikipima pamba kilomita elfu moja kutoka baharini. Wakulima walinipenda, nadhani kwa kuwa nilionekana mtu aliyepotea njia.

Mwaka huo huo macho ya Mayu yakaanza kufunga. Daktari wa Mwanza alisema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, akasema, na kilichobaki kinaweza kuondoka katika miezi michache, hata kwa dawa. Kwanza zingekwenda pembe, kisha katikati, kama mlango unaofungwa polepole kutoka pande zote mbili. Mayu alimsikiliza hadi mwisho. Tulipotoka nje akaniambia, "Nilikuwa nadhani iko siku nitawaona wale samaki wako."

Haikuwezekana kumpeleka Dar. Mgongo wake haukuweza hata safari ya Mwanza bila kulala njiani mara mbili. Basi nikaamua bahari ndiyo ije. Bahati, kama ni bahati, Shija alikuwa ameona tangi la samaki katika hoteli moja ya Dar, akarudi hana usingizi. Alikuwa na televisheni, alikuwa na feni, akabakiza samaki. Akachongesha tangi la kioo Mwanza, akaniambia, "Wewe si ulisomea samaki? Haya, onyesha." Nikamwandikia Hamisi, rafiki niliyesoma naye, ambaye alikuwa amepata kazi kwa mfanyabiashara wa Dar anayesafirisha samaki wa mapambo nje ya nchi.

Hamisi alituma madumu ya maji ya bahari, mchanga, pampu ya hewa na barua. Barua ilisema hivi: "Ndugu yangu, jaza maji, weka mchanga, washa pampu, halafu usiweke samaki. Subiri wiki sita hivi. Maji yakiwa tayari nijulishe, ndipo nitume samaki."

Mwanangu, nilijua alichomaanisha. Hilo ndilo linaloniuma. Samaki hutoa uchafu katika maji yale yale anayoyapumua, na uchafu huo huwa sumu iitwayo amonia. Baharini kuna bakteria wanaoila, wakaigeuza sumu ya pili. Wapo bakteria wengine wanaoila hiyo ya pili, wakaigeuza kitu ambacho samaki anaweza kuishi nacho kikiwa kidogo. Tangi jipya halina wakazi hao wa kutosha. Wanakuja polepole, wanakaa kwenye mchanga na kwenye mawe, wanazaana kwa wiki nyingi bila mtu kuwaona. Kabla hawajatosha, maji huwa safi kwa macho, meupe pe, nayo ni kaburi. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani, kurasa tatu, na mwalimu akaandika pembeni "vizuri sana".

Lakini wiki sita! Nilihesabu wiki sita nikaona macho ya Mayu. Maji yalikuwa na umri wa siku tatu nilipokwenda posta kumpigia Hamisi simu.

"Maji tayari," nikamwambia.

"Tayari kabisa?"

"Tayari kabisa. Tuma wote kwa mpigo mmoja."

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, walisema wahenga, nao hawakuwahi kuona tangi la samaki.

Sasa turudi kwenye ile Jumamosi. Mtu mwenye akili angekwenda kijijini kumwambia mama, "Mayu, nimekosea, samaki wamekufa, nipe muda." Mimi nilikuwa na shahada. Nikawazoa samaki kwa kawa, nikayamwaga maji ya bahari uani, ambako yaliua maua yote ya mke wa Shija kabla ya wiki kwisha, nikaosha tangi, nikajaza maji ya kisima. Kisha nikadandia pikapu ya wachuuzi wa dagaa kwenda Nyashimo, ziwani.

Nilikuwa nikiwataka furu. Unawajua furu wa ziwa letu: wadogo, na dume akiwa katika siku zake hung'aa buluu, nyekundu na manjano. Mvuvi niliyemkuta alinitazama nikimwomba wale wazima tu, na wenye rangi.

"Hawa ni chambo, kaka," akasema. "Unakwenda kuvua nini Bariadi? Sungura?"

Wenzake wakacheka hadi wakaweka makasia chini. Nikarudi na ndoo ya chambo mapajani, nikiifunika kwa koti langu la mahafali, koti pekee nililokuwa nalo. Jioni ile tangi lilikuwa limejaa rangi tena. Shija akalizunguka mara mbili.

"Wamefufuka?"

"Ni wengine."

"Wa bahari ipi?"

"Shija, tafadhali."

Akainua mikono. Alikuwa mtu wa biashara; alijua wakati wa kutouliza.

Jumapili Kabula alimleta Mayu akiwa amempakia kwenye baiskeli, Mayu akiwa na kitenge chake cha kanisani na viatu mkononi ili visipate vumbi. Alivivaa mlangoni. Akatusalimu wote, "Mwadila," akauliza habari za watoto wa Shija na za mifugo yake, hakuharakishwa na chochote. Kisha akasogezwa kwenye kioo. Ilibidi ageuze kichwa huku na huku, kama kuku anayetazama punje, ili awapate katika kile kitundu cha nuru alichobakiziwa.

Furu mmoja wa buluu akapita mbele ya uso wake.

"Kumbe hukutunga," akasema.

Nikajisikia mfalme. Uongo ukifanikiwa, mwanangu, kwa dakika ya kwanza una ladha moja na ukweli.

"Na haya ndiyo maji yale ya chumvi?"

"Ndiyo, Mayu."

Akapandisha mkono juu ya ukingo wa tangi, akachovya kidole, akakitia mdomoni. Nilimwona akikisubiri kionjo kifike. Akachovya tena, kama mtu asiyetaka kumhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Halafu akaufuta mkono kwenye kitenge, akamgeukia Shija, akamwita mwanangu kwa Kisukuma, akasema, "Umejenga nyumba nzuri, ng'wana wane. Mungu akuzidishie."

Alinisubiri hadi tulipofika nje, chini ya ukuta wa hoteli, Kabula akikaza mnyororo wa baiskeli na kujifanya hasikii.

"Kibuyu kipya cha maziwa unakifanyaje?" akaniuliza.

"Mayu, nisikilize..."

"Nimekuuliza kibuyu."

"Unakijaza maji. Unakiacha. Unamwaga, unajaza tena."

"Siku ngapi?"

"Hadi uchungu uishe."

"Na maziwa ya kwanza?"

"Hayanyweki. Wanapewa mbwa."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Na chuo hawakukufundisha?"

Nikatazama chini. "Walinifundisha pia. Siyo kwa kibuyu."

"Basi umefundishwa mara mbili," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilinivunja kuliko hasira. "Mimi macho yangu yanakwenda, hilo nimemwachia Mungu. Lakini sasa nitakuwa nakuuliza jambo, kisha nitakuwa najiuliza kama umenijibu. Nitakuwa kipofu mara mbili."

Kabula akampakia, wakaondoka. Na hapa naomba unisamehe nikikaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninaporudi mara nyingi kuliko mahali pengine popote katika maisha yangu. Rangi za mwisho ambazo mama yangu aliziona ndani ya maji zilikuwa za chambo cha Nyashimo, nami ndiye niliyeziweka pale.

Nilimpigia Hamisi simu nikamweleza yote. Akaniuliza, "Na yale maji uliyamwaga?" Nikasema nimeyamwaga. Akatoa tusi moja la Kizaramo nisilolielewa hadi leo, akaahidi kutuma mengine. Shija alishauri tuchukue chumvi ya Ziwa Eyasi, ile ambayo babu zetu waliifuata kwa miguu, tuikoroge kwenye maji ya kisima. "Chumvi ni chumvi," alisema. Nilimweleza kwamba chumvi ile ina magadi mengi. Akasema kumbe wasomi mnajua mambo, mnachokosa ni kuyatumia.

Maji yalikuja baada ya wiki tatu, pamoja na mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwenye magunia mabichi, yakinuka pwani yote, na chupa mbili ndogo za kupimia. Ya kwanza ilipima amonia: maji yakigeuka kijani kuna sumu, yakibaki manjano hakuna. Ya pili ilipima ile sumu inayofuata: yakigeuka zambarau sumu ipo, yakibaki maangavu haipo. Nikapanga mawe na mchanga. Nikatia dagaa wawili ili waoze na kuwapa bakteria chakula. Nikawasha pampu, na jenereta ilipozimwa nikaiunga na betri ya lori. Kisha nikaketi.

Kuketi ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Wanunuzi wa pamba waliingia mapokezi, wakaona tangi la kioo lenye maji, mawe na dagaa wanaooza. Mmoja akaagiza bakuli la ile supu. Shija akanijia.

"Wageni wananiuliza kwa nini nafuga maji."

"Waambie ndiyo tunafuga. Samaki watakuja baadaye."

"Mimi nimefuga ng'ombe, mbuzi na wakwe. Maji sijawahi."

Wiki ya kwanza, kijani. Ya pili, kijani kibichi zaidi. Wiki ya tatu mawe yakavaa vumbi la kahawia na wageni wakaanza kuketi upande wa pili. Wiki ya nne, asubuhi moja, chupa ya kwanza ikabaki manjano. Nilipiga kelele hadi mpishi akatoka na mwiko. Ndipo nikapima ya pili: zambarau kama divai ya misa. Kundi la kwanza la bakteria lilikuwa limefika kazini, la pili lilikuwa bado njiani.

Siku hiyo hiyo Kabula akatuma ujumbe kwamba Mayu amejikwaa kwenye kizingiti chake mwenyewe. Jicho la kushoto lilikuwa limezima, na la kulia lilikuwa likiona mwanga na vivuli.

Nikapanda baiskeli. Nilimkuta akipura mtama kwa kusikia tu. Nikamwambia ukweli wote ulivyokuwa: sumu ya kwanza imekwisha, ya pili haijaisha, Hamisi anaweza kutuma samaki kesho na wangefika ndani ya siku tatu, pengine wangeishi siku tano, pengine wiki, nao pengine angewaona kama vivuli vyenye rangi. Au tusubiri, wala sijui ni siku ngapi. Nikasema, "Amua wewe, Mayu."

Aliendelea kupura. Kisha akasema, "Nikiwaona wakiwa wanakufa, nitakuwa nimeona nini?"

"Rangi zao."

"Rangi nimeona. Subiri."

Sijawahi kutamani mtu avunje neno lake kama siku ile. Nilitaka aniombe niharakishe, ili lawama iwe yetu wawili. Lakini alikuwa amenirudishia kazi yangu ili niifanye vizuri, na aliilipia kwa jicho lake.

Chupa ya pili ilikuja kubaki maangavu baada ya siku kumi na saba. Nikabadilisha sehemu ya maji, nikamwambia Hamisi atume samaki wawili tu. Wakaishi. Baada ya wiki mbili nikaongeza wawili. Wakaishi. Hapo ndipo nilipokwenda kumchukua Mayu, na jicho la kulia lilikuwa limekwisha kuzima siku tisa kabla.

Shija alituwekea kiti mbele ya tangi, akapunguza redio, akaondoka mwenyewe bila kuambiwa. Mayu aliweka viganja vyake kwenye kioo, akahisi pampu ikitetema.

"Haya, niambie."

Nikamwambia. Kuna mmoja wa chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe, na anapoogelea anatikisa mwili wote kama mtoto anayejifunza kutembea. Kuna wa buluu mwenye mkia wa manjano, mgomvi, anamfukuza kila anayepita karibu na jiwe lake. Kuna wa tatu, mweusi mwenye nukta nyeupe, ambaye anatazama tu.

"Na wa nne?"

Nilimtafuta. Nikainama, nikazunguka upande wa pili, nikarudi.

"Simwoni, Mayu. Nadhani amejificha nyuma ya mawe. Labda amekufa. Sijui."

Uso wake ukafunguka polepole, kwa namna ambayo sijawahi kuiona tena kwa mtu yeyote.

"Humwoni," akasema. "Basi hao watatu wapo."

Akaegemea kiti, akaniambia nianze tena tangu mwanzo, polepole, na nikamsimulia hadi chakula cha mchana. Alikuja karibu kila Jumapili kwa miaka minne iliyombakia. Wakati mwingine, nikiwa natembea mjini na kuona rangi fulani kwenye khanga ya mtu, najikuta nimeanza kuieleza kwa sauti ya chini, kisha nakumbuka kwamba hakuna anayeniuliza.

Basi mwanangu, ukinunua tangi, fuga maji kwanza. Yape chakula, yapime, yaache hata kama wenzako wanacheka, na ukiwatia samaki watie wachache. Usiyaamini maji kwa sababu ni meupe. Na ukiwa na mtu unayetaka kumfurahisha kabla muda wake haujaisha, ujue kwamba upendo ndio utakaokusukuma uharakishe. Usiusikilize katika hilo. Ukikosea, sema siku ile ile. Njia ya mwongo ni fupi, lakini kurudi kwake ni kurefu, na mimi niliitembea wiki kumi na sita nikafika mlango umeshafungwa. Hukawii kwa kusubiri kunakostahili. Mimi nilikawia kwa kuharakisha.

Mungu akupe mikono yenye utulivu, mwanangu. Akupe mtu wa kukuuliza "niambie", na akujalie kuwa na ukweli wa kumjibu. Unaowapenda wakae muda mrefu, na kazi yako iive wakiwa bado wanaiona.